Povu Chini ya Kiti cha Nyuma

Juzi kijana mmoja wa AC alitaka kulijaza gesi gari langu, nikamkatalia kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe ilinishtua. Kijana wa watu hakuwa na kosa. Alifungua boneti, akapapasa bomba moja, akasema, "Mama, gesi imeisha, tujaze tu uende zako." Nikamwuliza imeishaje, nani kainywa? Akanitazama kama mtu anayejiuliza mama huyu leo kaamkia upande gani. Nikamwambia atafute sabuni ya mche, maji kidogo na brashi ya kupakia rangi, na kama yeye hana muda mimi ninao. Alipoanza kulikoroga povu kwenye kopo, harufu ya sabuni ikapanda ikachanganyika na ya injini yenye moto, na mimi mwanamke mzima, mvi zimeshanianza, nikageuza uso asinione ninavyofuta macho.

Wa rika langu watanielewa. Kuna watu walitufanyia mema tukiwa wadogo, tukawaambia asante ya haraka haraka kwa sababu tulitaka kukimbilia kwenye gari, na leo asante hiyo imetujaa kifuani hatuna pa kuipeleka. Fundi Rajabu wa Majengo alishatangulia mbele ya haki. Nami sikumbuki kama siku ile nilimwangalia hata usoni.

Yote yalikuwa kwa ajili ya mdogo wangu, Mkunde. Mkunde hakuwa akitoka jasho. Si kwamba lilimtoka kidogo, hapana, halikumtoka kabisa tangu azaliwe. Mwili wake ukipata joto haukuwa na pa kulitolea, unachemka humo humo ndani. Tulikuwa tunaishi Moshi mjini, na miezi ya kiangazi mtoto alikuwa akiwaka kama chungu, macho yanageuka, mikono inakakamaa, Mama anapiga kelele majirani wanakuja na ndoo za maji. Alipofika mwaka mmoja wazazi wakaona hakuna njia, wakampeleka kwa Bibi, Kirua Vunjo, kule juu ambako asubuhi ukungu unakaa kwenye migomba mpaka saa nne na usiku watu wanalala na mablanketi mawili. Kule alinawiri. Mama akabaki mjini na duka lake la vitambaa, anapanda Ijumaa na kushuka Jumapili. Jumapili jioni pale nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Mkunde alipotimiza miaka minne, daktari wa Moshi akasema kuna bingwa amekuja Dar es Salaam anayeyajua maradhi kama yale, ila atakaa muda mfupi tu. Tukapata nafasi. Sasa kati ya Kirua na Dar kuna Same, kuna Mombo, kuna Korogwe, na jua la kule kila aliyepita analijua. Usiku Baba haendeshi. Kaka yake mmoja alifia kwenye barabara hiyo hiyo usiku, na Baba alimwapia Bibi mbele ya kaburi kwamba yeye ataitumia mchana tu. Ndege tulikuwa tunaziona zikipita. Kilichobaki ni gari la familia, lile la viti safu tatu na mlango wa kusukuma pembeni, alilotuachia baba mkubwa alipohamia mbali. Lilikuwa na AC mbele na nyuma, na hiyo AC ndiyo ilikuwa tumaini letu lote.

Tulijaribu mara ya kwanza tukashindwa. Baba alikuwa ameshapita kwa mafundi wawili, wote wakajaza gesi, wote wakamwambia nenda kwa amani. Kufika Mwanga, AC ilikuwa inatoa hewa ya kawaida. Kufika Same ilikuwa inapuliza joto. Mkunde alikuwa akiimba wimbo wa shule ya Jumapili, akapunguza, akanyamaza, akaanza kutazama kitu ambacho sisi hatukioni. Mama alimmwagia maji yote tuliyokuwa nayo. Zahanati ya kwanza tuliyoiona tukaingia mbio, manesi wakamfunga kanga mbichi, wakampepea kwa makaratasi mpaka jua likashuka, na tukarudi tulikotoka. Daktari akatupa siku nyingine, Jumanne ya wiki ya pili yake, na akasema waziwazi kwamba baada ya hapo bingwa anaondoka, na kama atarudi tena hajui.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na elimu yangu mwenyewe kuhusu gesi. Niliamini inatoka Kibo, kilele cha mlima wetu. Ningeamini nini kingine? Baridi yote niliyoijua duniani ilikuwa inashuka kutoka kule juu, na kila mtu mzima alikuwa akisikitika kwamba barafu ya mlima inapungua mwaka hadi mwaka. Nikajumlisha. Watu wanapanda, wanaikwangua, wanaijaza kwenye mitungi, wanawauzia mafundi. Kwa hiyo mafundi waliposema "gesi imeisha", mimi nilitoka nje nikautazama mlima. Ulikuwa umefunikwa na mawingu siku hiyo, basi moyo ukanipasuka. Nilijua sasa hakuna tena, na mdogo wangu hatafika popote.

Jumamosi, siku tatu kabla ya hiyo Jumanne, Baba akaambiwa habari za Fundi Rajabu. Alikuwa mzee mwembamba wa Majengo, amevaa kofia ya kufuma na suruali yenye mafuta, zamani alikuwa akitengeneza mafriji. Uwanja wake ulikuwa nyuma ya nyumba, umefagiliwa kuliko sebule za watu wengine. Mama alikuwa Kirua na Mkunde, kwa hiyo tulikwenda mimi na Baba.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mama. Hujambo?" Kisha akamgeukia Baba. "Haya Mangi, lete shida zako."

Mjini kule kila Mchaga mwanamume ni Mangi, awe chifu awe muuza nyanya. Baba akaeleza yote, mpaka ya zahanati. Akamalizia kwa kuomba ajaziwe gesi nyingi, hata kupita kiasi, ili ikivuja njiani ibaki ya kutufikisha Dar.

Fundi Rajabu akatikisa kichwa. "Mimi sijazi gesi kwenye gari linalovuja. Gesi hailiwi, Mangi, wala haichakai. Ikipungua, kuna tundu. Nikikujazia leo bila kulitafuta, nitakuwa nimekuchukua mimi mwenyewe kwa mkono nikakuweka tena Same na mtoto wako. Nitaulizwa kesho mbele ya Mola."

Hapo nikajipa moyo nikamwuliza kama huko Kibo bado wamebakiza gesi. Akaniuliza nimesemaje. Nikarudia, na ufafanuzi wote wa mitungi nikautoa. Yule mzee alicheka mpaka akashika boneti, akakohoa, akafuta machozi kwa mkono wa shati. Kisha, na hili ndilo linalonifanya nimpende hadi leo, akachuchumaa akanieleza kama mtu mzima mwenzake. Gesi inatengenezwa viwandani. Inazunguka ndani ya mabomba, inachukua joto la ndani ya gari, inakwenda kulimwaga nje mbele kule, inarudi tena, siku nzima haichoki. Mlima hauhusiki. Nilifurahi sana kusikia kwamba mlima hauhusiki.

Akaanza kazi. Alifunga geji zake mbili zenye mipira ya rangi, akaingiza hewa ya naitrojeni kutoka kwenye mtungi mrefu, akakoroga povu la sabuni ya mche mpaka likawa zito, na kwa brashi akaanza kulipaka kila penye kiungo. Kompresa. Vali za kujazia. Mabomba ya mbele yote. Akipaka, anainama, anatazama, hapumui. Mimi na Baba nasi hatupumui. Hakuna kitu. Povu linakaa tu, linatulia, linakauka. Lakini mshale wa geji ulikuwa unashuka taratibu, kama mtoto anayeiba sukari akidhani haonekani.

"Inavuja," akasema. "Na mbele haivuji. Basi ni nyuma."

Akatueleza namna wanavyotafuta. Gesi ikitoka hutoka na mafuta kidogo ya kompresa, vumbi linanasa pale, kwa hiyo fundi akiona doa jeusi lenye unyevu kwenye bomba, hapo ndipo. Akaingia chini ya gari kwa mgongo, akakaa sana. Alipotoka uso wake haukuwa mzuri.

"Mangi, sijawahi kuona gari kama hili. Huko nyuma kote kunanata. Vumbi limenasa kila mahali, doa ni moja tu kubwa, nitajuaje tundu liko wapi?" Akanusa kidole chake. Akanusa tena. "Na haya si mafuta. Ni kitu kimechacha. Nini hiki?"

Baba akanusa kidole cha mwenzake, na nikamwona anavyoganda. "Mbege," akasema.

"Astaghafirullah." Fundi akakishika kile kidole mbali na mwili wake. "Miaka yote hii sijaigusa pombe, leo umeniletea mpaka kwenye kucha. Imemwagika wapi? Mabomba ya nyuma yanapita chini ya kapeti na ndani ya ubavu. Ukiniambia mahali, nafungua hapo. Usiponiambia, natoa viti vyote, kapeti lote, kuta zote. Ni kazi ya siku nne."

Siku nne tulikuwa hatuna.

"Haijawahi kumwagika," Baba akasema. "Ndoo tunaziweka wima, na zina mlinzi." Akanigeukia. Fundi naye akanigeukia.

Hapa lazima nieleze. Kwetu huendi posa, msiba wala harusi mikono mitupu, unakwenda na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na mbege ya Bibi yangu ilikuwa na jina kuanzia Kirua mpaka mjini. Sasa mbege inayochacha haifungwi ikakazwa. Ukikaza, mfuniko utaufuata darini. Unaegesha tu mfuniko, halafu mtu anakaa ubavuni mwa ndoo safari nzima, anabana kwa kiganja gari likiruka, anaachia kidogo ipumue. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na nilikuwa najivunia kuliko kitu chochote.

Miezi michache nyuma tulikuwa tunaipeleka mbege ya posa ya baba mdogo. Bibi na Baba mbele wanasali rozari kwa sauti, mimi kiti cha mwisho na ndoo yangu. Mtu alikuwa amenipa muwa. Muwa hauliwi kwa mkono mmoja. Kwenye kona moja ya kushuka, ndoo ikainama, na karibu theluthi ikaenda chini mimi nikiwa na mdomo umejaa. Hawakusikia, walikuwa kwenye Salamu Maria. Nikainua kapeti upande wa kushoto, nikaisukumia chini yote kwa kitambaa, nikalirudisha, na ile ndoo nikaijaza maji kutoka kwenye dumu la Baba la kuongezea rejeta. Nikakoroga kwa muwa.

Kule kwa wakwe, mzee wao akapewa kata ya kwanza. Akaonja, akasimama, akaichungulia. "Mama," akamwambia Bibi mbele ya watu wote, "ndoo hii mmekuja nayo kwa miguu kwenye mvua?" Watu wakaangua kicheko. Bibi hakucheka. Tangu siku hiyo hakupika tena mbege ya kumpa mtu. Akiombwa alikuwa akijibu kwamba mkono wake umezeeka, na mimi nilikuwa nasikia, nimenyamaza kama maji mtungini.

Ndiyo maana pale uwanjani ulimi uligoma. Nikisema, nimemvunjia Bibi heshima mara ya pili, na Baba atajua alipeleka maji ya rejeta kwa wakwe. Nisiposema, Mkunde. Akili ya mtoto ni kitu cha ajabu, kwa sababu nilikuwa nimeshaikamilisha hesabu yangu tayari: mbege yangu ndiyo iliyokula bomba, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka mdogo wangu kwenye ile zahanati ya Same. Peke yangu. Nikaanza kulia kabla sijasema neno lolote, kisha yakatoka yote kwa mkupuo, rozari, muwa, dumu na mzee wa kata.

Baba alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Yesu na Maria," akasema polepole. "Maji ya rejeta." Nikafunga macho nikisubiri kofi.

"Mwache kwanza," Fundi Rajabu akasema. "Mama, njoo. Upande gani? Nionyeshe kwa kidole."

Nikapanda garini nikamwonyesha. Safu ya mwisho, kushoto, karibu na tairi. Akafungua skrubu nne, akang'oa plastiki ya ubavuni, akainua kapeti. Harufu iliyotoka pale ilinirudisha siku ile nzima. Mabomba mawili ya alumini yalikuwa yamelala chini, na moja lilikuwa limeota unga mweupe kama sufuria ya ugali iliyosahaulika. Fundi akalifuta kwa kitambaa, akachovya brashi, akapaka. Tukasubiri. Povu likakaa kama lilivyokaa kwingine kote. Kisha upande wa chini, kidogo sana, kipovu kimoja kikaumuka, kikapasuka. Kikaumuka kingine palepale.

"Huyo hapo!" akapiga kelele. "Huyo, mwone! Alikuwa amejificha kwenye ulevi!"

Baba akacheka, jambo ambalo sikulitegemea kabisa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nalitazama lile tundu langu, na kilio kikanirudia upya. Fundi akaniona. Hakuniambia nyamaza. Alichukua bisibisi, akakwangua ule uchafu uliokuwa chini ya bomba, akamwita Baba asogee.

"Tazama hapa, Mangi. Hii ya juu inayonata ndiyo ya binti. Sasa tazama tabaka hizi za chini. Moja, mbili, tatu, hii ngumu kama gundi, hii imeshageuka mchanga. Ya mtoto ni ya juzi, bomba limeliwa miaka. Nani alikuwa anabeba pombe kwenye hili gari?"

Baba akajikuna shingo. "Sote," akasema. "Kaka yangu, mimi. Kila harusi, kila msiba, kila Krismasi."

"Basi ni ukoo mzima uliolitoboa. Huyu kazi yake ilikuwa kutuonyesha mahali, na ameifanya." Akanigeukia. "Umenisikia, mama? Bila wewe ningekuwa nang'oa viti mpaka Jumatano."

Nilimsikia. Sijui kama mnaelewa uzito uliotoka. Mimi nilikuwa nimeshajihukumu na kujifunga, na mtu asiye ndugu yangu, mwenye mbege kwenye kucha na adhuhuri inamkaribia, akaacha kazi yake dakika mbili ili anifungue. Angeweza kutulia tu. Bomba lilikuwa limeshapatikana.

Alinawa kwa sabuni mara tatu, akaenda kuswali, akarudi. Alikikata kile kipande kilicholiwa, akachomelea kingine, akabadilisha oringi, vile vipete vya mpira vya kwenye viungo, akajaza tena naitrojeni, na akakataa kata kata kuharakishwa. Geji ikaachwa mpaka alasiri. Mshale haukusogea hata unywele. Ndipo akaivuta hewa yote kwa pampu, akajaza gesi kwa kipimo chake, akatuweka kiti cha nyuma akafunga mlango. Ile baridi ilipotugusa, Baba alimwita Fundi jina lake mara mbili akashindwa kuendelea. Nami ndipo nilipokimbilia mbele kujaribu matundu mengine ya AC, nikamwacha mzee wa watu amesimama dirishani.

Jumapili Baba akaniambia ya Bibi ni yangu, niyamalize mwenyewe. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi, nikapiga magoti nikamweleza. Akaweka kisu chini. Nikamwona anavitazama viganja vyake, huku na huku, muda mrefu. "Kumbe mkono wangu ni mzima," akasema. Alinivuta sikio kwa nguvu zote, halafu akanikumbatia humo humo, sikio bado analo. Wiki hiyo hiyo akaloweka ulezi, na ndoo ya kwanza akataka apelekewe yule fundi wa Majengo. Ilibidi Baba amweleze taratibu kwamba yule ni Mwislamu, apelekewe mkungu wa ndizi, na kwamba kwa vyovyote vile ndoo haiingii tena kwenye lile gari.

Ya bingwa nitayasema kwa ufupi. Aliyataja maradhi kwa jina, akamfundisha Mama fulana mbichi, chupa ya kunyunyizia, kivuli na saa za kutoka, akamwambia mtoto wako atasoma na atazeeka. Mwaka huo huo Mkunde alishuka kuja kuishi nasi. Leo ni mwalimu Bomang'ombe, anatembea na chupa yake ya maji, anajinyunyizia mbele ya wanafunzi bila aibu, na ana mdomo huyo Mungu anisaidie. Nashukuru kwa yote hayo. Lakini nikiulizwa ni saa gani ninayoishukuru zaidi, si ile ya daktari.

Ni Jumatatu tukiwa njiani. Tulipita Mwanga. Tukapita Same. Nje mbuzi walikuwa wamebanana kwenye kivuli cha mti mmoja, na lami mbele yetu ilikuwa inacheza kwa joto. Mkunde alikuwa amelala mapajani mwa Mama, na Mama kila baada ya muda alikuwa anampapasa shingo, anapapasa paji la uso, anarudi shingoni. Baba alikuwa anamtazama Mama kwenye kioo kuliko alivyoitazama barabara. Tukafika Mombo jua la utosi, wauza matunda wanajipepea kwa vipande vya maboksi, na Mkunde akafungua macho.

"Mama."

Mama alishtuka mwili mzima. "Nini, mwanangu? Nini? Sema."

"Nasikia baridi."

Baba akapunguza mwendo, akasogea pembeni, akasimama. "Amesemaje?"

"Anasema anasikia baridi," Mama akajibu. Baba akalaza kichwa kwenye usukani, mabega yanamtikisika. Mama akaifungua kanga yake kiunoni, akamfunika Mkunde mpaka kidevuni, anamwambia pole mwanangu, pole mama, pole, huku anacheka na machozi yanamdondokea mtoto usoni. Tulikaa pale pembeni ya barabara muda mrefu, injini inanguruma, na hakuna hata mmoja wetu aliyenyoosha mkono kuipunguza AC.